Kupiga Simu Kuvuka Mpaka, Namanga na Busia: Tathmini ya Mtumiaji wa Laini Mbili

Anayesafiri kwa basi kutoka Arusha hadi Kampala kupitia Nairobi huvuka mipaka miwili, wa Namanga kati ya Tanzania na Kenya, na wa Busia kati ya Kenya na Uganda. Kwa upande wa pasipoti na forodha vituo hivi vinaendeshwa kwa mtindo mmoja, kwani vyote viwili ni vituo vya pamoja vilivyozinduliwa rasmi mwaka 2018, na msafiri hugongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia ndani ya jengo moja. Kwa upande wa simu, hata hivyo, tofauti kati yao ni kubwa mno. Nimeitumia njia hii kwa miaka kadhaa katika biashara ya nguo, nikinunua kwenye masoko ya Gikomba, Nairobi, na Owino, Kampala, na muda wote huo nimebeba simu ya laini mbili, moja iliyosajiliwa Tanzania na nyingine Kenya. Tathmini hii inahusu huduma niliyoipata kwa kila laini katika kila mpaka.

Wengi wanapolinganisha huduma za simu za nje huuliza kwanza bei ya kupiga kwa dakika. Mimi nimeona kwamba swali la kwanza linapaswa kuwa ni nani anayelipa simu inapoingia. Anayepiga huchagua saa ya kupiga, humjua anayempigia, na anaweza kufupisha maneno salio likianza kupungua. Anayepigiwa hana uchaguzi huo. Mteja anayeulizia mzigo, dereva aliyekwama njiani, mwalimu wa mtoto, ndugu anayeuguza mgonjwa hospitalini, wote hao humpigia msafiri bila kujua kwamba yuko nje ya nchi, na iwapo kila dakika ya kuwasikiliza inakatwa kwenye salio lake, msafiri huyo huanza kuiogopa simu yake mwenyewe. Kwa kipimo hicho, huduma niliyoipata kwa laini ya Kenya baada ya kuvuka Busia inastahili kupongezwa, na ile ya laini ya Tanzania baada ya kuvuka Namanga haimfai mfanyabiashara mdogo.

Chanzo cha gharama ya kupokea kinaeleweka kwa urahisi mtu akifuatilia njia ambayo simu hupita. Laini inapokuwa ugenini, simu zote zinazoielekea huanzia nyumbani kwake. Mtu aliye Arusha akinipigia nikiwa Nairobi, simu yake hufika kwanza kwenye mitambo ya kampuni yangu nchini Tanzania; mitambo hiyo hutazama kumbukumbu zake, ikaona kwamba laini yangu imepokelewa na mtandao wa Kenya, kisha ikaisafirisha simu hiyo hadi Kenya kama simu ya kimataifa. Aliyenipigia hana habari na hayo yote, naye hutozwa bei ya kawaida ya ndani ya nchi. Kipande cha pili cha safari, kile cha kutoka Tanzania hadi Kenya, nadaiwa mimi. Hali huwa nzito zaidi pale anayeipigia laini hiyo anapokuwa hapohapo Nairobi, mtaa mmoja nami, kwa sababu simu yake huenda Tanzania na kurudi Kenya, ikalipiwa kama ya kimataifa mara mbili, mara moja na yeye na mara moja na mimi, ilhali tungeweza kuonana kwa kuvuka barabara tu.

Busia iliondokana na mzigo huo kwa uamuzi wa serikali. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda, zikiwa katika ushirikiano wa miradi ya Ukanda wa Kaskazini, yaani njia ya biashara inayoanzia bandari ya Mombasa, zilikubaliana kuanzisha Eneo la Mtandao Mmoja, na Sudan Kusini ikaingizwa humo. Ilikubaliwa kwamba tozo za ziada zilizokuwa zikiwekwa kwenye simu zinazoingia kutoka nchi hizo zifutwe, kwamba bei ya kupiga ndani ya eneo isizidi senti 10 za dola ya Marekani kwa dakika huku makampuni yakidaiana yenyewe kwa yenyewe senti zisizozidi 7, na kwamba mteja aliye safarini ndani ya eneo hilo asitozwe chochote kwa kupokea simu. Utekelezaji ulianza kuelekea mwisho wa mwaka huo, na dakika za maongezi kati ya nchi hizo zikaongezeka mara kadhaa kwa muda mfupi. Ongezeko la namna hiyo halitokani na watu kuanza ghafla kuwa na ndugu na wateja upande wa pili. Watu hao walikuwapo siku zote, na bei ndiyo iliyokuwa imewanyamazisha.

Faida ya mpango huo huonekana hata kabla basi halijafika Jinja. Laini ya Kenya huhamia kwenye mtandao wa Uganda, ujumbe wa kukaribishwa huingia, na tangu hapo simu za kutoka Nairobi hupokelewa kama ambavyo zingepokelewa River Road. Nikiwa Owino, katikati ya marobota, nimeweza kuzungumza na mteja kwa muda wote aliouhitaji, nikimweleza rangi na saizi za nguo moja baada ya nyingine, bila kutazama salio na bila kumkatisha. Kwa anayefanya biashara ya aina hii, mazungumzo hayo marefu ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa mteja asiyeweza kuuliza maswali yake yote huahirisha kununua. Sauti huwa safi, isipokuwa kuna uchelewaji mdogo unaomfanya mzungumzaji amwingilie mwenzake kabla hajamaliza, na hilo huzoeleka upesi. Kasoro ya kweli ya mpango huu ni kwamba ulianzia kwenye sauti, na mtu asidhani kwamba data ya laini yake itamfuata Kampala kwa bei ileile. Ni lazima aulize bei ya data peke yake, tena kabla ya kuvuka.

Mpango ulipoanza, Tanzania na Burundi hazikuwamo. Jambo hili linanihuzunisha hasa kwa sababu Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuonja huduma ya namna hiyo. Mnamo Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Mo Ibrahim, iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika huduma iliyoitwa One Network, ambayo mteja wake alipokea simu bila malipo katika nchi zote tatu, akapiga kwa bei za wenyeji, na akaongeza salio kwa vocha za nchi aliyofikia. Kampuni hiyo baadaye ilibadilika jina kuwa Zain, kisha mwaka 2010 ikawa Airtel. Kwa hiyo miaka minane kabla ya serikali za Ukanda wa Kaskazini kukubaliana, Mtanzania mwenye laini ya Celtel alikwisha kuvuka Namanga na kupokea simu bure. Anayesema kwamba mpaka huu una ugumu wake wa kitaalamu hana hoja, kwani mitambo ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza.

Katika safari zangu, laini ya Tanzania ikiwa imefunguliwa rominga, yaani ruhusa ya kutumika kwenye mitandao ya nje, imekuwa ikikatwa fedha kwa kila dakika ninayopokea nikiwa Nairobi. Sitaitaja kampuni, kwa kuwa nilipowauliza wafanyabiashara wenzangu wenye laini za makampuni mengine niliyasikia malalamiko yaleyale. Bei hizo zimewafanya watu wavumbue adabu mpya ya simu. Mke wa mfanyabiashara hubipu kwanza, mume akakata, kisha akatafuta njia nyingine ya kumpigia. Watoto hufundishwa kuandika ujumbe, kwa sababu kwa kawaida kupokea ujumbe mfupi hakulipiwi. Wazee wasiosoma vizuri ndio wanaoumia zaidi, maana kwao simu ni sauti, na sauti ndiyo iliyowekewa bei. Mzee mmoja wa Longido anayepeleka ng'ombe kwenye minada ya Kajiado aliniambia kwamba akishapita Namanga huizima laini ya nyumbani kabisa, na familia yake humsubiri hadi arudi. Mtu mwenye jamaa pande zote mbili, kama walivyo Wamaasai wengi wa eneo lile, hapaswi kutoweka kwa watu wake kwa sababu amekwenda mwendo wa saa moja kutoka nyumbani.

Kuna tatizo jingine la Namanga ambalo halihusiani na bei peke yake, nalo ni la minara. Mawimbi ya simu hayasomi ramani. Katika mfumo wa GSM mnara mmoja waweza kuihudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35 mahali palipo wazi, na nchi ile ni ya tambarare kavu na milima michache, Longido kusini na Ol Doinyo Orok kaskazini, kiasi kwamba mnara wa nchi moja husikika vizuri ndani ya nchi nyingine, na kilima hukinga mnara wa karibu huku ule wa mbali ukionekana. Simu hupendelea mtandao wake wa nyumbani kwa muda wote inaoupata, hata ukiwa dhaifu, lakini ikiupoteza kwa dakika chache hujiunga na mtandao wa jirani, na kurudi nyumbani kwaweza kuchukua muda kwa kuwa haitafuti mfululizo. Ndiyo maana mtu aliyekaa dukani kwake upande wa Tanzania, ambaye hajavuka popote, huweza kukuta simu yake imeingia Kenya na salio lake linatozwa kwa bei za safarini.

Nililipata hilo mwenyewe nikiwa nimelala nyumba ya wageni upande wa Tanzania. Laini yangu ya Tanzania ilihamia mtandao wa Kenya usiku, nikapokea simu ndefu asubuhi, na fedha zikakatwa kana kwamba nilikuwa Nairobi. Mhudumu wa kampuni alinisikiliza kwa heshima, akanieleza kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha nilikuwa nje ya nchi, na hakuwa na njia ya kukubali vinginevyo. Naamini alisema kweli kuhusu kumbukumbu zake. Lakini huduma inayomtoza mtu kwa safari ambayo hakuifanya ina dosari ya msingi, na ni juu ya makampuni na mamlaka za mawasiliano za nchi zote mbili kuitafutia dawa, kwa mfano kwa kutoanza kutoza gharama za rominga kwa laini zilizoshikwa na minara iliyo ukingoni mwa mpaka hadi pale mwenye simu atakapothibitisha kwamba amevuka. Kwa sasa kinga iliyopo ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, kuzima uchaguzi wa mtandao unaofanywa na simu yenyewe, na kuchagua mtandao wa nyumbani kwa mkono. Simu ikipoteza mawimbi itakaa bila mtandao hadi yarudi, na hiyo ni bora kuliko kutozwa bila kujua. Hata simu za vitufe, viswaswadu vyetu, nyingi zina sehemu hiyo katika mipangilio yake, na wauza vocha wa pale mpakani huionyesha kwa ukarimu ukiwauliza.

Njia inayotumiwa na wafanyabiashara wengi ni ile ya kununua laini ya nchi wanayokwenda, kama nilivyofanya mimi. Inafaa, nami naipendekeza kwa mtu yeyote anayevuka mara kwa mara, lakini isichukuliwe kuwa ni ya kuingia dukani na kutoka. Tanzania ilikwisha kuhamia kwenye usajili wa laini kwa alama za vidole, na laini ambazo hazikusajiliwa kwa namna hiyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Mgeni husajili kwa pasipoti yake. Kenya nayo hudai kitambulisho au pasipoti. Pawepo na subira, na usajili ufanywe dukani au kwa wakala anayetambulika. Watu wanaouza laini zilizokwisha kusajiliwa kwa majina ya wengine wapo katika kila mji wa mpakani, na anayenunua kwao ananunua laini ambayo mwenye jina aweza kuifunga siku yoyote, tena pengine ikiwa na fedha ndani yake. Hilo la fedha si dogo, kwa kuwa tangu mwaka 2015 imewezekana kutuma fedha za M-Pesa kati ya Vodacom ya Tanzania na Safaricom ya Kenya, na wengi wetu hupiga simu kwanza kukubaliana bei kisha wakatuma malipo kwenye namba ileile waliyopiga.

Laini ya pili, hata hivyo, haiondoi tatizo nililoanza nalo. Wanaonijua kwa namba ya Tanzania wataendelea kuipiga namba ya Tanzania. Ninachofanya ni kuiacha laini hiyo ikiwa wazi kwa ajili ya kupokea ujumbe, kuona nani amepiga, kisha kumpigia kwa laini ya Kenya kwa bei ya simu ya nje, ambayo mara nyingi imekuwa nafuu kuliko kupokea kwa rominga. Ni utaratibu unaofanya kazi kwa mtu makini. Unamchosha kila mtu mwingine.

Hapa ni lazima nizungumzie uandishi wa namba, kwa sababu simu nyingi zinazopotea mpakani hupotelea hapo. Namba inayoanza na 0712 nchini Kenya ni ya Safaricom. Nchini Tanzania namba za 071 zilitolewa kwa Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas. Namba inayoanza na 0754 ni ya Vodacom kwa Tanzania na ni ya Airtel kwa Kenya. Aliyehifadhi namba ya mteja wake wa Arusha ikianza na sifuri, kisha akaipiga akiwa Nairobi, atampata Mkenya asiyemfahamu, na akituma ujumbe wa biashara utasomwa na mtu huyo. Dawa ni kuhifadhi kila namba kwa alama ya kujumlisha na namba ya nchi, +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda, na kuiondoa ile sifuri ya mwanzo. Namba iliyohifadhiwa hivyo hupigika popote, nyumbani na ugenini. Wenye umri wangu watakumbuka pia kwamba mataifa haya matatu yaliwekeana namba fupi za kuitana, 005 kwa Kenya, 006 kwa Uganda na 007 kwa Tanzania, utaratibu wa majirani ambao haukumlazimu mtu kupitia namba za kimataifa kana kwamba anapiga London. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba wazo la kuhesabu simu ya Nairobi na Arusha kuwa simu ya jirani ni la zamani katika eneo letu; Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilihudumia nchi zote tatu hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977.

Kuhusu simu za intaneti nitasema machache. Tangu WhatsApp ilipoanza kupokea na kupiga simu za sauti mwaka 2015, wenye simu janja wengi wamehamia huko, na kwa mtu aliye kwenye nyumba ya wageni yenye intaneti nzuri hakuna njia iliyo nafuu zaidi. Lakini njia hiyo humtaka kila upande awe na simu janja, data na mtandao imara kwa wakati mmoja. Kwenye barabara kati ya Namanga na Bissil sauti hukatikakatika hadi maelewano ya bei yanakuwa hatari, na kwa mzee wa minada mwenye simu ya vitufe njia hiyo haipo kabisa. Uganda nayo iliwahi kuwatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwamo, shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018, na tozo hiyo ilipofutwa mwaka 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Anayetegemea intaneti peke yake kwa mawasiliano ya biashara ajue kwamba bei yake nayo hubadilishwa na serikali.

Kwa hiyo, kwa anayetoka Kenya kwenda Uganda au Rwanda, ushauri wangu ni kwamba asihangaike na laini nyingine kwa safari ya siku chache. Aiache laini yake ya Kenya ifanye kazi, apokee simu zake zote kwa raha, na anunue data ya wenyeji iwapo anaihitaji. Kwa anayetoka Tanzania kwenda Kenya, awe na laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lake, aihifadhi kila namba kwa alama ya kujumlisha, na akiwa Namanga achague mtandao kwa mkono tangu asubuhi hadi atakapokuwa amevuka. Aidha, kabla ya kuondoka apige simu kwa kampuni yake na aulize bei ya dakika moja ya kupokea akiwa Kenya, kwa sababu ujumbe wa kukaribishwa ambao nimekuwa nikiupata hutangulia kutaja bei ya kupiga na vifurushi vinavyouzwa, na bei ya kupokea, ambayo ndiyo itakayomaliza salio, huja mwishoni au haiji kabisa. Makampuni yangetanguliza bei hiyo katika mstari wa kwanza wa ujumbe, kwa Kiswahili, mzee wa Longido angejua kabla ya kubonyeza kitufe cha kupokea kama anaweza kumsikiliza mwanawe kwa dakika mbili au kumi, na pengine asingeizima laini yake.